Kikombe cha Siku ya Kumi na Tano: Kupima Kama Ni Maziwa Yanayolisumbua Tumbo

Watu wengi wanaosema kwamba maziwa yanawakataa wamefikia uamuzi huo kwa njia moja: tumbo lilikuwa likijaa na kuunguruma kila asubuhi, wakaacha chai ya maziwa kwa wiki moja, tumbo likatulia, na tangu hapo wakahamia chai ya rangi moja kwa moja. Uamuzi huo unaweza kuwa sahihi. Unaweza pia kuwa kosa tupu, kwa sababu wiki ileile walipoacha chai ya maziwa huenda waliacha pia chapati mbili zilizokuwa zikishushwa na chai hiyo, au maharage ya kiporo yaliyokuwa yakiandamana nazo, au ndiyo wiki ambayo mchafuko wa tumbo uliokuwapo ulifikia mwisho wake wenyewe. Kuacha maziwa ni nusu ya jaribio. Nusu ya pili, ambayo karibu kila mtu huiruka, ni kuyarudisha kwa mpango na kuangalia kama usumbufu nao unarudi, na kwa maoni yangu nusu hiyo ya pili ndiyo jaribio lenyewe. Ile ya kwanza ni maandalizi tu.

Ili jaribio lifanyike vizuri, ni lazima kwanza kujua linapima nini. Laktosi ni sukari ya maziwa, na imeundwa na sukari mbili ndogo zilizoshikamana, yaani glukosi na galaktosi. Utumbo mwembamba hauwezi kuifyonza ikiwa imeshikamana hivyo. Sharti kwanza ikatwe vipande viwili, na kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya kiitwacho laktasi, ambacho hukaa juu ya seli za ukuta wa utumbo huohuo. Mtoto mchanga huzaliwa na laktasi ya kutosha, na anaihitaji, kwa kuwa maziwa ya mama yana takriban gramu 7 za laktosi katika kila mililita 100, ilhali ya ng'ombe yana karibu gramu 5. Baada ya mtoto kuachishwa ziwa, kwa binadamu walio wengi kiasi cha laktasi huanza kupungua taratibu mwaka hadi mwaka, hata kufikia utu uzima karibu theluthi mbili ya watu duniani huwa wamebakiwa na kidogo tu. Kwa hiyo, tukizungumza kwa hesabu, mtu mwenye umri wa miaka 40 anayeweza kunywa lita nzima ya maziwa bila wasiwasi ndiye aliye tofauti na wengi, wala si yule anayejaa gesi.

Laktosi isiyokatwa huteremka hadi utumbo mpana. Njiani huvuta maji, na ndiyo maana choo huwa chepesi. Ikishafika huko hukutana na bakteria ambao huichachusha kama togwa linavyochachuka ndani ya mtungi, wakitoa haidrojeni, kaboni dayoksaidi na, kwa baadhi ya watu, methani. Gesi hizo ndizo zinazolifanya tumbo liwe gumu kama ngoma, lingurume na lisokote. Kwa kawaida dalili huanza kati ya nusu saa na saa mbili baada ya kunywa, jambo ambalo ni muhimu kulikumbuka, kwa maana tumbo linalovurugika dakika tano baada ya tonge la kwanza, au linalovurugika siku ya pili yake, halina budi kutafutiwa sababu nyingine.

Hapa ndipo mkanganyiko mkubwa unapoanza, kwa kuwa mambo matatu tofauti hubebeshwa jina moja. La kwanza ni kupungukiwa na laktasi, ambalo ni hali ya kimaumbile inayotawaliwa na jeni. La pili ni kutoifyonza laktosi, ambalo hutokea pale mtu wa namna hiyo anapokunywa maziwa mengi kuliko laktasi aliyonayo inavyoweza kuyahudumia. La tatu ni kutoivumilia laktosi, yaani kuugua: kujaa, kusokotwa, kuharisha. La kwanza si lazima lizae la tatu. Wako watu wengi ambao wakipimwa hospitalini wataonekana hawaifyonzi laktosi, lakini wao wenyewe hawajawahi kuhisi lolote, kwa sababu wanakunywa kidogo kidogo, au wanakunywa pamoja na chakula, au bakteria wa utumbo wao wamezoea. Jaribio la kuacha maziwa nyumbani linapima hilo la tatu tu. Halipimi jeni.

Kuhusu jeni, Afrika Mashariki ina kisa chake cha pekee. Mwaka 2007 kundi la watafiti lililoongozwa na Sarah Tishkoff lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu 470 kutoka makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Washiriki walipewa gramu 50 za laktosi, kiasi kinachopatikana katika lita nzima ya maziwa, kisha wakatobolewa kidole mara kwa mara ili kuona kama sukari ya damu inapanda. Ikipanda, laktosi imekatwa na kufyonzwa. Isipopanda, imepita bila kuguswa. Ilionekana kwamba mabadiliko ya kijeni yanayowawezesha wafugaji wa huku kuendelea kutengeneza laktasi hadi uzeeni si yale yaliyotambuliwa mwaka 2002 kwa Wafini na ambayo yameenea Ulaya kaskazini. Ni mengine kabisa, yaliyozuka yenyewe miongoni mwa watu wa ukanda huu, na lile lililo kuu kati yake, ambalo hupatikana zaidi Kenya na Tanzania, lilikadiriwa kuwa na umri wa kati ya miaka 2,700 na 6,800.

Jambo hilo lina matokeo mawili ya kivitendo. Kwanza, Mswahili anayeishi London au Toronto ambaye amepima jeni zake kwa mate kupitia kampuni ya huko, akaambiwa kwamba hana uwezo wa kumeng'enya laktosi, huenda amepimwa badiliko la Kizungu peke yake; Mmasai mwenye afya tele ya kunywa maziwa atapewa jibu hilohilo. Pili, kabila si kipimo. Uwezo huu umeenea zaidi kwa jamii za wafugaji, lakini ndani ya jamii yoyote, na hata ndani ya nyumba moja, mnaweza kuwa na anayeyaweza na asiyeyaweza. Anayesema “kwetu sote tunakunywa maziwa, kwa hiyo si maziwa” anajidanganya sawa na anayesema “Waafrika hawakuumbiwa maziwa”.

Inafaa pia kuangalia jamii za wafugaji huyanywaje. Mengi ya maziwa hayo hayanywewi mabichi wala matamu, hugandishwa kwanza. Mtindi, maziwa mgando, maziwa lala ya Kenya na mursik ya Wakalenjin ni maziwa ambayo bakteria wamekwisha kula sehemu ya laktosi yake kabla hayajafika mdomoni, na bakteria haohao huendelea kuisaidia kazi hiyo tumboni kwa kimeng'enya chao wenyewe. Zaidi ya hapo, uzito wake huyafanya yapite polepole. Hivyo mtu anaweza kumaliza bakuli la mtindi kwa ugali na kulala usingizi mzuri, kisha akavurugwa na gilasi ya maziwa freshi ya kiasi kilekile, na bado jambo lenyewe likawa ni laktosi.

Sasa tuje kwenye hesabu ya kikombe, kwa sababu kosa linalofanywa mara nyingi ni la kiasi. Kikombe cha mililita 250 cha maziwa matupu kina karibu gramu 12 za laktosi. Mwaka 2010 jopo la wataalamu lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, na mwaka huohuo mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, walifikia maoni yanayokaribiana: wengi wa wanaopungukiwa na laktasi wanaweza kupokea gramu 12 kwa mkupuo mmoja bila dalili, au kwa dalili ndogo, hasa wakinywa pamoja na chakula. Sasa tazama chai ya nyumbani. Pale inapopikwa kwa nusu maji na nusu maziwa, kikombe kimoja kina gramu 6 hivi. Ikiwa kikombe kimoja cha chai hiyo, kilichonywewa na mkate, kinakupeleka chooni mbio, basi au wewe ni miongoni mwa wachache wenye tumbo jepesi sana, au mkosaji ni mwingine aliyeketi mezani. Nami huanza na dhana hiyo ya pili.

Ushahidi wa kwamba watu hujikosea upo. Mwaka 1995 jarida la The New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio la watu 30 ambao wote walijitangaza kuwa hawayavumilii maziwa hata kidogo. Walipopimwa, 9 kati yao walionekana kumeng'enya laktosi vizuri tu. Kisha wote wakapewa mililita 240 za maziwa kila siku pamoja na kifungua kinywa, wiki moja maziwa ya kawaida na wiki nyingine maziwa yaliyokwisha kukatwa laktosi, bila kujua ni yapi, ladha zikiwa zimesawazishwa kwa kutia utamu. Usumbufu ulikuwa mdogo katika wiki zote mbili, na tofauti kati yake haikuwa na uzito. Hii haina maana kwamba watu hao walikuwa wakizua. Matumbo yao yaliwauma kweli, ila lawama ilikuwa imetupiwa kisichohusika, na pengine hofu ya maziwa yenyewe ilikuwa na sehemu yake.

Kwetu lawama huwa na njia zake zilizozoeleka: tumbo likisumbua ni amiba, au ni taifodi, au ni vidonda vya tumbo. Hilo la mwisho lina kitendawili ndani yake, kwa maana anayeambiwa ana vidonda vya tumbo mara nyingi hushauriwa na majirani anywe maziwa ili “kupoza”. Maziwa huipunguza makali asidi kwa muda mfupi, ni kweli, lakini kisha huliamsha tumbo litoe asidi nyingine zaidi. Na ikiwa mtu huyo hana laktasi ya kutosha, gilasi ile ya tiba humwongezea kujaa na kiungulia, naye huona vidonda vimezidi, akaongeza gilasi nyingine. Mtu wa aina hiyo ndiye hasa anayefaidika na jaribio tunalolizungumzia.

Lakini si kila mtu anafaa kulifanya nyumbani. Damu katika choo, homa, kupungua uzito bila sababu, upungufu wa damu, kuharisha kunakomwamsha mtu usiku wa manane, au mabadiliko ya choo yanayoanza kwa mara ya kwanza baada ya umri wa miaka 50, yote haya hayatokani na laktosi, na anayeanza kuhesabu vikombe ilhali ana dalili hizo anapoteza muda ambao angepaswa kuwa hospitalini. Vilevile, mtu anayevimba midomo, anayetoka vipele vinavyowasha au anayebanwa na pumzi baada ya maziwa hana shida ya laktosi. Ana mzio wa protini za maziwa, ambao ni kazi ya kinga ya mwili na si ya utumbo, na kwake kurudisha maziwa kwa majaribio nyumbani ni hatari. Mzio huo huwapata zaidi watoto wadogo. Nao watoto wachanga wasiingizwe kabisa katika mambo haya: kukosa laktasi tangu kuzaliwa ni jambo la nadra mno, na mama hapaswi kuacha kunyonyesha kwa sababu mtoto anaharisha au analia kwa gesi.

Baada ya kuyaondoa hayo, jaribio lenyewe huchukua wiki mbili za kuacha na wiki moja hivi ya kurudisha. Kanuni iliyo juu ya zote ni kwamba kitu kimoja tu ndicho kinachobadilika. Kama ulizoea chai ya maziwa yenye tangawizi, iliki na vijiko viwili vya sukari, pamoja na chapati mbili saa moja na nusu asubuhi, basi kwa wiki mbili kunywa chai ya rangi yenye tangawizi ileile, iliki ileile na vijiko vilevile viwili, pamoja na chapati zilezile mbili saa ileile. Watu hawapendi kusikia hivyo. Mtu akiamua kulishughulikia tumbo lake hutaka kulishughulikia kwa jumla: anaacha maziwa, soda, pilipili na vyakula vya mafuta kwa pamoja, anaanza kutembea jioni, na baada ya wiki mbili anajisikia vizuri asijue ashukuru nini. Ngano ina sukari zake zinazochachuka utumboni, maharage nayo yana zake, vitunguu vina zake, na zote huleta gesi ambayo haina tofauti yoyote na gesi ya maziwa. Ukiviondoa vyote kwa mara moja, umejifariji lakini hujajifunza kitu.

Kinachotoka ni maziwa ya wanyama wote. Ya mbuzi yana laktosi inayokaribiana na ya ng'ombe, na ya ngamia hali kadhalika, kwa hiyo kuhamia huko si kuacha. Mtindi pia utoke kwa muda, ijapokuwa una laktosi pungufu, ili matokeo yawe safi. Aiskrimu, maziwa ya kopo na maziwa ya unga vitoke. Haya ya unga ndiyo ya kuangaliwa sana, kwa kuwa yana takriban gramu 38 za laktosi katika kila gramu 100, na hujificha katika biskuti, mikate laini, chokoleti, vinywaji vya unga vya watoto na baadhi ya soseji. Lebo nyingi madukani kwetu huandikwa kwa Kiingereza, na maneno ya kuyatafuta humo ni milk powder, milk solids, whey na lactose. Maandazi ya mama lishe hayana lebo. Hapo njia ni kumuuliza kwa adabu kama anakanda kwa maziwa. Tui la nazi, licha ya weupe wake, halina laktosi hata chembe, kwa hiyo wali wa nazi, samaki wa kupaka na mkate wa kumimina uliotiwa tui peke yake vinabaki mezani. Samli nayo imebakiwa na mafuta karibu matupu, na anayependa halua ya Unguja hana haja ya kujinyima.

Swali linaloulizwa sana ni la vidonge, kwa kuwa laktosi hutumika kama kijazio katika dawa nyingi. Kiasi chake katika kidonge kimoja ni kidogo sana, kwa kawaida chini ya nusu gramu, na hakifiki popote karibu na gramu 12. Dawa ya shinikizo la damu au ya kisukari haiachwi kwa ajili ya jaribio hili.

Tangu siku ya kwanza, tena ikiwezekana tangu siku tatu au nne kabla ya kuacha, andika. Daftari la shilingi chache linatosha, na maandishi yake yawe makavu kama ya karani: “Jumanne. Saa 1:30 asubuhi, chai ya maziwa kikombe kimoja, chapati mbili. Saa 3:00 tumbo kunguruma. Saa 3:40 choo chepesi mara moja. Mchana wali maharage, soda. Saa 11:00 jioni tumbo kujaa, gesi nyingi.” Ukurasa mmoja kama huo tayari unasema jambo ambalo kumbukumbu ingelificha, kwa sababu mwenye tumbo angesimulia kwamba chai ndiyo iliyomsumbua siku nzima, ilhali usumbufu wa jioni umefuata maharage na soda, saa tisa na nusu baada ya chai. Usiandike maoni yako humo kuhusu sababu. Andika saa, chakula na kilichotokea.

Ikiwa wiki mbili zimepita, umeacha kwa uaminifu, na daftari linaonyesha tumbo lilelile, basi laktosi haihusiki, na kuendelea kujinyima hakuna maana. Rudi kwenye chai yako, uwaangalie watuhumiwa wengine, au umpelekee daktari daftari hilo. Kinyesi kichunguzwe kama kuna vijidudu vya giadia, ambavyo huleta gesi na kuharisha kunakofanana sana na kwa maziwa.

Ikiwa tumbo limetulia, furahi kidogo, kisha ujiandae kwa siku ya kumi na tano. Chukua pakiti ya nusu lita ya maziwa ya kawaida, igawe sawasawa katika vikombe viwili, na sasa kila kikombe kina mililita 250 bila kubahatisha. Siku ya kumi na tano kunywa nusu ya kikombe kimoja pamoja na kifungua kinywa chako cha kawaida, ukiandika kama ulivyozoea. Siku inayofuata pumzika. Siku ya kumi na saba kunywa kikombe kizima pamoja na chakula, pumzika tena, siku ya kumi na tisa kunywa kikombe kizima kwenye tumbo tupu, bila mkate wala chapati, usubiri muda wa saa tatu kabla ya kula. Hicho cha mwisho ndicho mtihani mgumu, kwa kuwa chakula huchelewesha maziwa tumboni na kuipa laktasi muda wa kufanya kazi, ilhali tumbo tupu huyaachia yapite kwa kasi. Dalili zikija katika hatua yoyote, simama, subiri tumbo litulie, na baada ya siku tatu rudia hatua hiyohiyo mara moja. Tukio la mara moja linaweza kuwa sadfa. La mara mbili kwa saa zilezile ni vigumu kuliita hivyo.

Kuna jambo linaloifanya hatua hii iwe na mtego. Bakteria wa utumbo mpana hubadilika kulingana na wanacholetewa: mtu anayekunywa maziwa kila siku, hata kama hana laktasi ya kutosha, baada ya siku kumi hivi hujenga kundi la bakteria wanaoishughulikia laktosi kwa gesi pungufu, na akiacha kwa muda mrefu kundi hilo hutawanyika. Kwa hiyo aliyeacha maziwa kwa miezi sita anaweza kuona kikombe cha kwanza kinampiga vibaya kuliko kilivyokuwa kikimpiga mwanzoni, akadhani hali yake imezidi kuwa mbaya. Hiyo ndiyo sababu ya kuweka wiki mbili na si zaidi, na ndiyo sababu ya kuanza na nusu kikombe.

Kwa anayeweza kuyapata, maziwa yaliyoondolewa laktosi, ambayo huuzwa katika baadhi ya maduka makubwa ya mijini, hulifanya jaribio liwe kali zaidi. Hayo ni maziwa ya ng'ombe ya kawaida yaliyotiwa laktasi kiwandani. Kila kitu kimo, mafuta na protini, isipokuwa laktosi imekwisha kukatwa, na ndiyo maana ni matamu kidogo kuliko mengine. Mwombe mtu wa nyumbani akupikie chai kwa maziwa hayo siku moja na kwa maziwa ya kawaida siku nyingine, yeye akiandika ni ipi na wewe ukiandika ulivyojisikia, msilinganishe karatasi zenu hadi siku ya nne au ya sita. Sukari ya chai itauficha ule utamu. Tumbo likilalamika siku zote sawasawa, laktosi imeondolewa hatiani, na kinachobaki ni mafuta, protini au matarajio. Likilalamika siku za maziwa ya kawaida tu, hapo una jibu ambalo daktari hawezi kulipuuza.

Anayetaka uthibitisho wa hospitali ana njia mbili za kawaida. Moja ni kipimo cha pumzi, ambacho kinahitaji mashine maalumu: mtu hunywa laktosi na haidrojeni katika pumzi yake hupimwa kwa saa kadhaa, na ikipanda kwa sehemu 20 au zaidi katika milioni juu ya ilipoanzia, huhesabiwa kwamba laktosi imefika utumbo mpana. Nyingine ni ileile waliyoitumia watafiti wa 2007, ya sukari ya damu, ambayo inahitaji gramu 50 za laktosi na kipimo cha kidole kilichomo katika zahanati nyingi. Sukari isipopanda kwa angalau milimoli 1.1 kwa lita, laktosi haijafyonzwa. Mwenye kisukari hapimwi kwa njia hiyo. Tena vipimo hivi vyote hunywesha laktosi nyingi kuliko mtu anayokunywa kwa kawaida, kwa hiyo vinaweza kuonyesha kasoro ambayo chai yako ya asubuhi isingeigusa kamwe.

Tuseme jibu limekuja, na ni laktosi. Daftari la siku ya kumi na tano hadi ya kumi na tisa limekwisha kukuambia mpaka wako: pengine ni nusu kikombe, pengine ni kikombe kimoja na chakula, pengine ni mtindi tu. Chini ya mpaka huo hakuna madhara yoyote, kwa maana laktosi isiyofyonzwa haiuchubui utumbo wala haiachi ugonjwa nyuma yake; inasumbua, kisha inapita. Ninawashangaa wanaotoka katika jaribio hili wakiwa wameapa kutogusa hata samli. Kikombe cha maziwa kina karibu miligramu 300 za kalisi, yaani madini ya mifupa, na mtu mzima anahitaji kama 1,000 kwa siku, kwa hiyo anayekiacha kabisa ana pengo la kuziba: dagaa wanaoliwa na mifupa yao, sukuma wiki, uji wa wimbi na ufuta huliziba vizuri, lakini mchicha, ambao watu huutaja kwanza, una kalisi nyingi ambayo mwili hauipati, kwa kuwa imefungwa na kemikali ziitwazo oksalati zilizomo katika jani lenyewe.

Mwisho, jibu la mwezi huu si lazima liwe jibu la mwakani. Laktasi hukaa kwenye ncha za ukuta wa utumbo, na ukuta huo unapokwanguliwa na kuhara kukali, na giadia au na utapiamlo, laktasi huondoka nao hata kwa mtu ambaye jeni zake zingemruhusu kunywa maziwa maisha yake yote. Ugonjwa ukitibiwa, ukuta huota upya katika muda wa wiki chache, wakati mwingine miezi, na laktasi hurudi nao. Kwa hiyo aliyeanza kuvurugwa na maziwa baada ya kuugua tumbo mwezi Machi, akafanya jaribio lote kwa uangalifu na akashindwa kikombe cha siku ya kumi na tano, aliweke daftari lake na akirudie kikombe hicho mwezi Julai, kwa pakiti ileile ya nusu lita iliyogawanywa sawasawa.